Vidole Viwili Mgongoni

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumekuwa watatu. Nani kamwalika huyo wa tatu? Si mimi!

Nimefika getini saa kumi na mbili na nusu, kama kila Jumamosi. Msituni bado ukungu. Kizuizi kimeshushwa, magari mwisho pale pale, ndani ni miguu na baiskeli tu. Kwa miaka tisa saa hiyo imekuwa ya watu wawili — mimi na Swahiba. Wiki nzima yeye yuko na chaki na hesabu zake, mimi niko na sponji na misumari ya makochi yangu, lakini Jumamosi ni yetu. Njia nyekundu, kilomita kumi na nne, lami katikati ya mikaratusi, hakuna honi, hakuna moshi. Jiji zima liko nje ya ua na hatulisikii.

Sasa leo nakuta jamaa amesimama naye. Mrefu. Soksi nyeupe mpaka magotini — magotini! Baiskeli nyepesi, ukiipulizia inaanguka. Swahiba akasema huyu ni daktari, wanafahamiana, ataendesha nasi kwa Jumamosi kadhaa. Daktari wa nini? Sikuuliza na sitauliza. Kwangu ataitwa Soksi.

Nikampa Swahiba mkono. Nilikuwa nimesimama ubavuni kwake, mkono nimeunyoosha kabisa. Hakuupokea! Akaendelea kuongea na Soksi aliyekuwa mbele yake. Mkono wangu ukabaki hewani kama wa mtu anayeomba lifti. Ikabidi nijikune sikio nao.

Nimeongoza mimi. Hilo angalau halijabadilika. Tangu mwaka juzi Swahiba hataki kukaa mbele, anasema mgongo wangu mpana, unamkatia upepo. Yeye nyuma yangu, Soksi nyuma yake. Nikawa natoa alama zetu: mkono chini kushoto, kuna shimo; kiganja wazi, punguza; vidole viwili mgongoni, Mzizi wa Mkwe. Huo ni mzizi wa mkaratusi ulioinua lami baada ya daraja la mbao, kwenye mteremko, kwenye kivuli. Jina tuliupa sisi, kwa sababu mkwe hata usipompenda lazima umheshimu — unainuka kwenye kiti, unapita taratibu. Alama ya vidole viwili ni yetu. Hakuna mtu mwingine duniani anayeijua.

Hakukuwa. Tulipokaa kwenye benchi nikamsikia Swahiba anamfundisha Soksi alama zote, moja moja, mpaka hiyo.

Nimerudi nyumbani. Chai sikuimaliza.


Jumatatu, 6 Mei

Mke wangu kauliza mbona nimenuna siku mbili. Nikamweleza habari za Soksi. Kacheka mpaka kashika meza. "Kwani umenioa mimi au umemwoa Mwalimu?"

Nikamwambia acha utani. Akasema kipya kinyemi ingawa kidonda, mwache mwenzako afurahie kipya chake, atarudi tu. Kwa nini aende ndipo arudi?

Wivu, mimi? Na kitambi hiki? Sina wivu. Nimeandika tu.


Jumatano, 8 Mei

Leo Swahiba kapita mbele ya karakana yangu. Mimi nipo mlangoni, pini mdomoni, nashona mkono wa kochi la mteja. Nikampungia. Kapita kama hanijui! Hatua tatu kutoka kwangu. Shingo mbele, macho mbele, kama askari kwenye gwaride.

Nikatema pini nimwite. Nikaghairi. Mtu akikuchoka hakuandikii barua.


Jumamosi, 11 Mei

Watatu tena. Soksi zile zile, au anazo nyingi.

Nyuma yangu wananong'ona. Nikigeuka, kimya. Nikitazama mbele, wananong'ona tena. Kwenye mlima nikakanyaga kwa hasira ili wakose pumzi ya kunong'onea. Wakaja tu. Soksi hapungukiwi pumzi, shetani yule. Na jambo moja la ajabu: haangalii miti, haangalii ndege, anaangalia tairi la mbele la Swahiba muda wote. Mtu anakuja msituni kutazama tairi!

Mwishoni Soksi kanifuata nikiwa peke yangu, anafuta jasho kwa kitaulo kidogo cheupe. "Fundi, unaongoza vizuri sana. Mkono wako haukosi hata kijiti."

Nikamwambia asante. Moyoni nikasema: miaka tisa, bwana! Unanisifu mimi kwenye njia yangu, kama mgeni anayemkaribisha mwenye nyumba sebuleni kwake.

Swahiba kaondoka naye. Walikuwa na mazungumzo, eti. Mimi nimerudi peke yangu kwa barabara kubwa, lori likanirushia matope.


Jumanne, 14 Mei

Swahiba kaja karakana leo. Nikafurahi — naandika ukweli — nikafurahi mpaka nikafuta stuli kwa shati langu.

Akaingia akapiga teke kopo la misumari. Lilikuwa pembeni ya mlango, mahali lilipo siku zote. Misumari ikamwagika karakana nzima. Akashtuka, akasema samahani, akainama akaanza kuokota, anapapasa sakafu kama anatafuta kitu kingine. Nikasema acha, nitaokota.

Halafu akaleta shida yake. Anaomba nimshonee Soksi kiti cha baiskeli. Kwa ngozi ile nyekundu!

Ile ngozi. Miaka tisa iliyopita nilifungua kiti cha mkurugenzi mmoja, nikabakiwa na kipande cha ngozi nyekundu, laini kama shavu. Nikashona viti viwili vya baiskeli, chake na changu. Watu wa getini wanatujua kwa viti hivyo. Eti sasa na Soksi apate, kama zawadi, "kwa sababu amenisaidia sana."

Amekusaidia nini? Sikuuliza. Nikamwambia ngozi imeisha.

Ipo. Iko kwenye sanduku chini ya mashine, nimeigusa sasa hivi.


Alhamisi, 16 Mei

Mvua. Nimefunga springi za kochi moja mara tatu, mara tatu zimefyatuka. Mke wangu anasema springi hazina kosa.


Jumamosi, 18 Mei

Nimefanya jambo. Niliandike lilivyokuwa, maana hapa hakuna msomaji ila mimi.

Tulianza salama. Mvua ilikuwa imeacha majani barabarani, lami inateleza kidogo. Mimi mbele, Swahiba kati, Soksi nyuma. Kabla ya daraja la mbao nikamsikia Swahiba anasimulia. Sauti yake ya darasani, ile ya kufika dawati la mwisho. Nikatega sikio. Anasimulia habari za paka!

Paka yule ni siri yangu. Mwaka wa pili wa karakana nilishona kochi la mama mmoja, nikapiga pini kitambaa cha chini, nikalipakia kwenye mkokoteni, Swahiba akinisaidia kusukuma. Katikati ya njia kochi likalia nyau. Nilikuwa nimemshonea paka wa mteja ndani! Tulilipasua pembeni ya barabara tukicheka na kulia. Swahiba akanishauri tulishone upya tukae kimya. Nilishindwa, nikaenda nikamwambia yule mama mwenyewe. Lakini Swahiba alinipa ahadi kwamba mtu mwingine hatasikia, maana mafundi wenzangu wangenila nyama. Miaka saba ameitunza. Leo kaitoa, na mimi nipo palepale, mgongo umewageukia! Soksi akaangua kicheko. "Kochi likalia nyau!" Wakacheka wote wawili.

Masikio yaliwaka moto. Roho iliniuma, nakiri, iliuma hasa.

Tukavuka daraja, mbao zikalia ta-ta-ta chini ya matairi. Baada ya daraja ni mita sitini tu, Mkwe. Rangi ya njano waliyompaka imeoshwa na mvua. Mimi nikainuka kwenye kiti. Mkono wa kulia ukaanza kwenda mgongoni wenyewe, kwa mazoea. Nikauzuia. Nikaurudisha kwenye usukani. Nikasema, si una daktari wako? Akuonyeshe yeye.

Nilidhani atarushwa kidogo. Agonge makalio, ashtuke, akumbuke nani amekuwa akimfikisha salama. Kidogo tu. Ndicho nilichotaka.

Nikasikia kishindo. Halafu baiskeli inakwaruza lami, muda mrefu. Halafu hakuna kitu.

Mfupa wa mtulinga, ule wa begani, kushoto. Umevunjika. Soksi aliruka kutoka kwenye baiskeli yake kama mtu wa miaka ishirini, akamlaza, akamfunga mkono kwa kitaulo chake na mkanda wa begi. Kila kitu alifanya yeye. Mimi nilishika kofia ya Swahiba. Askari wa msitu akainua kizuizi, gari la wagonjwa likaingia mpaka darajani. Gari la kwanza kuliona ndani ya msitu ule kwa miaka tisa. Nimelileta mimi.

Hospitali, kwenye korido, Soksi akanivuta pembeni. Alikuwa amekunja uso. "Fundi, mimi nilikuwa nimebaki nyuma kidogo, nacheka, sikuona. Pale kwenye mzizi, ulitoa alama?"

Nikasema nilitoa.

"Una hakika?"

"Ulinikuta nakosa lini?"

Akatikisa kichwa polepole, akaandika kitu kwenye simu yake. Shemeji, mke wa Swahiba, alikuwa kwenye kiti palepale, amesikia. Kwa nini limsumbue daktari jambo la vidole? Sijui.


Jumapili, 19 Mei

Sijui nianzie wapi.

Nimekwenda kwake mchana. Shemeji kanifungulia, macho mekundu. Swahiba yuko kwenye kochi lake — nililishona mimi, la kijivu — mkono umefungwa kifuani. Kabla sijakaa akasema, "Swahiba, usijilaumu. Daktari ameniambia ulitoa alama. Ni mimi ambaye sikuuona mkono wako."

Nikakaa.

Akasema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe ndicho hiki. Ana presha ya macho. Miaka miwili sasa. Anaona mbele tu, katikati, kama anachungulia kwenye bomba. Pembeni hakuna kitu, chini hakuna kitu. Dawa zinazuia isizidi, lakini kilichokwisha kuondoka hakirudi.

Soksi ni daktari wake wa macho.

Jambo la kwanza nililohisi — niandike, aibu na iwe aibu — lilikuwa wivu. Kamwambia Soksi kabla yangu! Miaka miwili, Jumamosi mia moja, sikuambiwa! Nikamuuliza kwa nini, na sauti ikatoka ya mtoto.

"Ningekwambia ungeendesha kwa huruma," akasema. "Ungeenda kama umebeba mayai. Mimi nilitaka Jumamosi yangu ibaki vile vile."

Barabarani kwenye magari hawezi tena, gari litatokea pembeni asilione. Msituni hakuna magari. Na chini hana haja ya kuona, kwa sababu mgongo wangu uko katikati kabisa ya bomba lake, na mkono wangu anauona kama picha ukutani. Miaka miwili ameendesha kwa mkono wangu! Mashimo yote, majani yote, Mkwe. Soksi alimkatalia, akamwambia hiyo ni njia ya kujiua. Wakabishana. Mwisho Soksi akasema: nitakuja Jumamosi tatu, nione kwa macho yangu kama mkono wa huyo fundi wako haukosi. Ndiyo maana ya tairi. Ndiyo maana akafundishwa alama.

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu. Baada ya jana Soksi hakuwa wa kurudi!

Nikamuuliza, na paka? Paka ilikuwa ya nini?

Akacheka, akashika bega kwa maumivu. "Daktari aliniuliza, siku mtu huyo akisahau alama, akaona aibu kusema, utajuaje? Nikamwambia huyo humjui. Nikamsimulia paka. Mtu aliyekwenda mwenyewe kwa mteja kusema nimekosea, wakati angeweza kunyamaza. Nisamehe, nilivunja ahadi, lakini alihitaji kujua wewe ni mtu gani."

Shemeji akaleta chai. Nikakumbuka mkono ule niliounyoosha getini akauacha hewani, na siku ile ya karakana, na kopo la misumari, akipapasa sakafu. Nikajiona mjinga mpaka unyayoni.

Mdomo ulifunguka. Ungetoka ukweli pale pale, ulikuwa kwenye ulimi. Ndipo akasema: "Basi. Kama mkono wako sikuuona, hata katikati panaondoka. Nimeacha baiskeli. Na wiki hii namwandikia mkuu wa shule, nitoke darasani kabla sijamkanyaga mtoto wa watu."

Nikafunga mdomo.


Jumanne, 21 Mei

Soksi kampima jana. Mashine inasema katikati pazima, hapajapungua. Anasema haelewi. Shemeji kanipa habari kwenye simu. Swahiba mwenyewe kajibu kwa nyuma, nimemsikia: mashine inasema naona, barabara inasema sioni, mimi naamini barabara.

Barabara haikusema chochote. Nimesema mimi.

Nikimwambia, atajua macho yake mazima pale yalipobaki. Atarudi darasani. Huenda na baiskeli. Lakini nyuma ya mgongo wa nani? Hatakaa tena nyuma yangu, na mimi nisingekaa. Atakaa nyuma ya Soksi! Nimelifikiria hilo, Mungu anisamehe, nimelifikiria na likaniuma zaidi ya mtulinga wake. Mtu gani mimi?

Mke wangu ananiangalia sana. Leo kanisikia nikimweleza jirani jinsi ajali ilivyotokea, "nilitoa alama lakini..." Jirani alipoondoka, mke wangu akasema, bila kuinua kichwa kwenye mboga zake, kwamba njia ya mwongo fupi. Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, anakata mboga.


Jumatano, 22 Mei

Shemeji kaleta baiskeli. Kaisukuma mwenyewe kwa miguu kutoka kwao, kiti chekundu kimechubuka upande mmoja, usukani umepinda.

"Kasema ni yako, shemeji. Kasema hakuna mwingine anayefaa kuwa nayo." Halafu akasimama tu, haendi. Akasema tangu Jumatatu waliporudi kupimwa, mumewe hatoki chumbani ila kula. Akasema anahesabu hatua, anajifundisha nyumba akiwa amefumba macho. "Jana kajigonga mlangoni makusudi anafanya mazoezi. Wewe ongea naye, anakusikiliza wewe."

Nikasema nitaongea. Akashukuru. Akanishukuru!

Nimenyoosha usukani. Nimetoa ngozi ile sandukuni nikashona upya kiti chake. Imebaki ya kutosha kiti kimoja kingine.


Ijumaa, 24 Mei

Nimekwenda kwa Swahiba na maneno nimeyapanga. Njia nzima nayarudia kama shairi la shule.

Nimemkuta koridoni, mkono mzima ukutani. Kabla sijasema hata la kwanza, akasema, "Simama pale mlangoni. Nipe mgongo."

Nikampa mgongo.

"Toa alama."

Nikatoa kiganja. "Punguza," akasema. Nikashusha mkono kushoto. "Shimo." Nikanyoosha kidole kimoja, akasema kimoja, hiyo si alama, unanijaribu wewe. Nikatoa vidole viwili.

"Viwili," akasema. "Mkwe. Naviona hata ukucha, una gundi kwenye kidole cha kati." Kweli ninayo.

Halafu taratibu, kama anapiga hesabu ubaoni, akasema, "Sasa siku ile ilikuwa nini?"

Nilikuwa bado nimempa mgongo. Nikashukuru kuwa nimempa mgongo. Maneno yote niliyoyapanga yakakimbia. Shemeji akatokea jikoni akauliza mnacheza nini nyie, watu wazima. Akacheka Swahiba, kidogo, mara ya kwanza tangu ajali.

Akasema labda ni kivuli. Labda kwenye kivuli kile cha mikaratusi macho yake yanakufa, na hapa koridoni kuna taa. Ananitafutia sababu! Hajui ananitafutia mimi. Akasema kesho twende kwa miguu, mimi na yeye, mpaka kwa Mkwe. Nisimame palepale, nitoe vidole viwili kwenye kivuli kile kile. Akiviona, ataelewa. Asipoviona, ataelewa.

Barua ya mkuu wa shule iko mezani. Bahasha haijafungwa.

Atakapoviona — na ataviona — ataelewa nini? Sababu itakuwa imebaki moja tu. Yeye ni mwalimu wa hesabu.


Jumamosi, 25 Mei

Saa kumi na mbili na robo. Niko ndani ya geti, benchi la kushoto, hatua mbili kutoka barabarani. Nimewahi. Nimekuja na baiskeli zote mbili, moja kila mkono, askari wa kizuizi akaniuliza mwenzako yuko wapi, nikasema anakuja. Ukungu kidogo. Lami imekauka.

Mke wangu asubuhi kanifunga zipu ya jaketi kama mtoto. Hakuniuliza kitu. Kasema tu, "Ulikwenda kwa mwenye paka, na yeye hakuwa rafiki yako." Kumbe anajua habari za alama. Sijui tangu lini.

Sitaki kungoja mpaka mzizini. Akifika pale akajumlisha mwenyewe, itakuwa amenikamata. Nataka nimwambie hapa, getini, kabla hajapiga hatua hata moja kwa ajili yangu. Hivyo ndivyo ninavyosema sasa. Jana nilisema hivi hivi.

Na Soksi? Aje amwongoze yeye. Ana mapafu, ana mkono mzuri. Ngozi ya kiti chake ipo, nitamshonea. Naandika hivi na meno yamekazana.

Kizuizi kimelia. Ni yeye.

Peke yake. Shemeji kabaki nje ya geti, namwona ananipungia, kamwachia atembee mwenyewe. Mkono umefungwa kifuani. Anatembea katikati kabisa ya barabara, kichwa juu, hana wasiwasi. Hapa hakuna gari la kumtokea. Ana kofia yake ya baiskeli kichwani! Kwa miguu! Kichaa huyu.

Niko upande wake wa kushoto. Hapa nilipo hapaoni. Nikinyamaza atanipita.

Hatua kumi. Tano. Nasikia viatu vyake. Naandika bila kutazama karatasi, mwandiko gani huu.

Amenipita.

Hatua tatu mbele. Amesimama. Hageuki. Anauliza kwa sauti ile ya darasani, anaiuliza barabara tupu: "Swahiba, upo?"

Sasa mkono wake mzima umerudi nyuma, mgongoni. Vidole viwili. Ananitania. Anadhani niko nyuma yake mahali fulani, nachelewa.

Bado ameviweka. Anasubiri nijibu.